Jezi namba 17 na swali la mtoto wa Tunduma

Tunduma ni mji wa watu wanaopita. Malori yanapanga foleni kwenda Zambia na Kongo, reli ya TAZARA inakatiza mji, na ng'ambo tu ya mpaka ipo Nakonde, ambako familia nyingi za Tunduma zina mjomba, shangazi au shemeji. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Kwa umbali, safari ya kwenda Lusaka haipishani sana na ile ya kwenda Dar es Salaam.

Katika mji kama huu, mapenzi ya mpira nayo hayaheshimu mpaka. Simba na Yanga zina wenyewe kila mtaa, na zinapokuja kucheza Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya, takriban kilomita 100 kutoka hapa, mabasi madogo hujaa tangu alfajiri. Kwa hiyo Clatous Chama alipojiunga na Simba mwaka 2018 akitokea Lusaka Dynamos, zipo nyumba za Tunduma zilizompokea kama mtu wa kwao. Nyumba moja ni ya dereva wa malori, shabiki wa Simba tangu utoto, aliyeoa mke kutoka Nakonde. Kijana wao wa pili alianza kulitaja jina la Chama kabla hajajua kusoma.

Watu wazima hujiuliza kwa nini mchezaji huyu anapendwa kupita wengine. Jibu la haraka ni mabao, lakini mabao hayatoshi. Katika miaka hiyohiyo Simba ilikuwa na Meddie Kagere, aliyefunga mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19 na 22 msimu uliofuata, na misimu yote miwili akawa mfungaji bora. Mashabiki walimpenda sana, na watoto waliiga anavyoziba jicho moja akishangilia. Hata hivyo, wakihadithiana usiku, aghalabu hadithi ilirudi kwa Chama.

Sababu ya kwanza ni wakati. Desemba 2018 Simba ilifungwa 2-1 na Nkana mjini Kitwe katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Kwenye marudiano Dar es Salaam, tarehe 23 Desemba, Simba ilikuwa mbele 2-1 na mechi ikielekea kwenye penalti. Dakika za mwisho Chama akafunga la tatu. Mzambia ndiye aliyeitoa timu ya Zambia. Katika nyumba ile ya Tunduma, baba aliruka, mama akakaa kimya kidogo, kisha naye akacheka. Machi 2019 Chama akarudia tena dakika ya 90 dhidi ya AS Vita ya Kongo, Simba ikashinda 2-1 na kuingia robo fainali. Bao la tano katika ushindi wa mabao matano husahaulika haraka. Bao linalokuja watu wakiwa wameshakata tamaa hukumbukwa miaka.

Sababu ya pili ni jina. Mashabiki walimwita Mwamba wa Lusaka. Mchezaji akishapewa jina na jukwaa, anakuwa mali ya jukwaa. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Mganda Emmanuel Okwi miaka ya nyuma, aliyefunga mabao mawili Simba ilipoichapa Yanga 5-0 mwezi Mei 2012. Ingawa baadaye Okwi alipita Yanga, alirudi Msimbazi na kupokewa.

Sababu ya tatu ni maisha yenyewe. Mei 2021 Chama alifiwa na mkewe. Habari ile ilizungumzwa majumbani kama msiba wa jirani. Watoto waliojua miguu yake tu wakajua kwamba naye ana nyumba, ana watoto, na anaweza kulia. Miezi michache baadaye akaenda RS Berkane ya Morocco, na Januari 2022 akarudi Simba. Machi 2023 alifunga mabao matatu Simba ilipoifunga Horoya ya Guinea 7-0. Kuondoka na kurudi kulimfanya apendwe zaidi, kama mtoto wa nyumbani aliyekwenda kutafuta akarejea.

Januari 2024 nyumba ile ilipata mtihani wa kwanza. Tanzania na Zambia zilikutana kwenye fainali za Afrika nchini Ivory Coast, na Chama alikuwa katika kikosi cha Zambia. Simon Msuva aliifungia Taifa Stars mapema, Patson Daka akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache. Kijana alipoulizwa yuko upande gani, alisema sare ni nzuri. Wazazi walicheka, lakini mtoto hakuwa anatania. Alikuwa amepata matokeo pekee ambayo hayakumlazimisha kuchagua kati ya baba na mama.

Mtihani wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Julai 2024 Chama alihamia Yanga.

Kijana, ambaye sasa ana miaka kumi, alikuwa na jezi nyekundu ya Simba yenye namba 17 mgongoni. Baba alirudi safari, akamkuta ameivaa.

"Vua hiyo. Humu ndani hatutaki jezi ya msaliti."

Mama alijaribu kuingilia. "Baba watoto, si mpira tu jamani?"

"Mpira tu? Kwenda Yanga ni mpira tu?"

Kijana hakuvua. Aliuliza, bila ukaidi, "Baba, kwani msaliti ni nani?"

"Ni mtu anayewaacha wenzake na kwenda kwa wapinzani."

"Wewe ulipoacha ile kampuni ya kwanza ukaenda kwenye malori mengine, wale madereva wenzako walikuita msaliti?"

Baba hakujibu. Aliihama ile kampuni miaka miwili kabla kwa sababu mshahara ulikuwa unachelewa na ada za watoto wawili zilikuwa zinamsubiri. Baadhi ya wenzake walimnunia kweli. Mwingine hadi leo hampigii honi wakipishana barabarani. Hayo hakuwahi kuyasema nyumbani, lakini watoto husikia hata yanayosemwa kwa simu uani.

Jioni, baada ya kula, alimwita mwanawe. "Yale mabao ya Nkana na Vita hakuhama nayo," alisema. "Yamebaki Simba. Jezi vaa. Ila siku tukicheza na Yanga, nakuomba utafute nyingine."

Kijana alikubali, na wala hakuacha kuwa Simba.

Kisa kama hiki kinaonekana kidogo, lakini mzazi akikipuuza anapoteza nafasi. Kwa mtoto, mchezaji anayempenda mara nyingi ndiye mtu wa kwanza nje ya ukoo kumpa moyo wake. Na huenda akawa wa kwanza kuondoka bila kuaga. Namna wazazi wanavyoongea siku hiyo ndiyo itakayomfundisha mtoto la kufanya rafiki akihama shule, dada akiolewa mbali, au mzazi mwenyewe akifuata kazi mji mwingine. Akifundishwa kwamba kila anayeondoka ni adui, atakua akiogopa kupenda. Akiambiwa kwamba haikuwa kitu, atajua kwamba huzuni yake haisikilizwi.

Njia ya katikati ipo, na wazee waliiacha ndani ya lugha yenyewe. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Mtani si adui. Katika desturi za makabila mengi ya Tanzania, mtani ana ruhusa ya kukutania hata msibani, lakini ndiye huyohuyo anayeshika jembe kuchimba kaburi na kupika chakula cha waombolezaji. Kelele zote ni za watu wanaojua kwamba kesho watahitajiana. Utani ukigeuka matusi mbele ya watoto, hicho kinachobaki hakistahili tena kuitwa utani.

Mzazi asiyefuatilia mpira naye ana nafasi yake. Hahitaji kujua nani kafunga dakika ya ngapi. Anaweza kumuuliza mtoto swali moja tu: unampendea nini huyo? Mmoja atasema anapiga chenga. Mwingine atasema hakati tamaa mpaka filimbi ya mwisho, au alifiwa akarudi uwanjani. Kwa jibu hilo mzazi anapata kujua kile ambacho mtoto wake anakiona kuwa kizuri kwa mwanadamu, na pengine kile anachokitafuta nyumbani.

Wachezaji wataendelea kuhama, maana kazi yao ndivyo ilivyo na miaka yao uwanjani ni michache. Mtoto anayelelewa mpakani, ambako kila asubuhi kuna anayeondoka na kila jioni kuna anayerudi, anaweza kulielewa hilo mapema kuliko wengi, ilimradi nyumbani awepo mtu wa kumsikiliza.