Sheikh, Cheti Ki Wapi?



Binti mmoja wa hapa Malindi, ambaye nikaha yake tuliifungisha sisi wenyewe, alitujia barazani pamoja na mamake. Mumewe, Mtaliano aliyesilimu, alikuwa amepata nafasi ya chuo Uholanzi kwa miaka miwili, naye alitaka kumfuata. Mama akatuuliza kwa adabu: “Sheikh, cheti cha ndoa ki wapi?” Tuliinamisha kichwa. Walii alikuwapo, mashahidi wawili walikuwapo, mahari yalitolewa. Lakini ndoa ile hatukuisajili, ilhali Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yataka kila ndoa isajiliwe, ya Kiislamu ikiwamo.

Na cheti hicho ndicho kilichokuwa ufunguo. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, raia wa nchi mwanachama akienda kusoma katika nchi nyingine ya Umoja kwa zaidi ya miezi mitatu, akawa amesajiliwa chuoni, ana bima ya afya, na ametamka kuwa ana riziki ya kuwatosha, basi mkewe ana haki ya kukaa naye, hata awe Mkenya. Viza yake haitozwi ada. Akishafika huombewa kadi ya ukaazi, ambayo yapasa itolewe ndani ya miezi sita, naye aruhusiwa kufanya kazi. Lau mume angesoma kwao Italia, mambo yangefuata sheria za huko. Mchumba hana haki hiyo ya mke. Na mwanafunzi, tofauti na mfanyakazi, hawezi kuidai kwa ajili ya wazazi wake.

Wazazi hupenda pia kutuuliza juu ya talaka, hata kabla ya harusi, na hatuwalaumu. Ndoa ikiwa imedumu miaka mitatu kabla ya shauri la talaka kufunguliwa, mmoja kati ya hiyo katika nchi ile, mke aweza kubaki, maadamu ana kazi au cha kujikimu. Aliyepigwa na mumewe aweza kubaki hata kabla ya muda huo.

Tulifuatana nao hadi ofisi ya Kadhi, tukawatafuta wale mashahidi, mmoja alikuwa ameshahamia Lamu. Cheti kilipotoka, mume alikuwa katika muhula wake wa pili, peke yake. Tangu siku hiyo hatuanzi khutba ya nikaha mpaka fomu za usajili ziwe juu ya mkeka, na kalamu kando yake.