Kivuli Upande wa Kushoto

Siku chache kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina nyumba husafishwa hadi uvunguni, kwa kuwa siku yenyewe ikishaingia ufagio haushikwi, isije bahati ikafagiwa pamoja na taka. Katika nyumba moja ya mji wa Oakland, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, kazi ya kufuta kioo cha picha ya ukoo alipewa mtoto wa kiume wa miaka minane. Alipanda juu ya kiti na tambara lake, akafuta, akasita, kisha akauliza jambo ambalo mama yake, aliyekulia chini ya picha ile, hakuwahi kuliuliza: mbona kivuli cha huyu baba kinaangukia huku, na cha huyu mama kinaangukia kule?

Picha yenyewe ni ya mwaka 1936. Mwanamume amevaa suti ya Kizungu na tai. Mwanamke yumo katika kanzu ya Kichina yenye ukosi wa kusimama. Baina yao amesimama mvulana wa miaka sita, na pajani mwa mama amekaa mtoto mchanga aliyekunja ngumi. Wote wanatazama mbele, hakuna anayetabasamu, na nyuso zimetulia kama maji ya mtungini. Mkao huo ni wa kale kuliko kamera. Katika enzi za Ming na Qing, picha za wazee waliofariki zilichorwa vivyo hivyo juu ya hariri au karatasi: mtu ameketi kitini, uso umeelekea mbele moja kwa moja, amevikwa vazi la cheo chake. Mara nyingi mchoraji hakupata kumwona marehemu akiwa hai. Aliwaendea wafiwa na mifano ya macho, pua na mashavu, nao wakimwelekeza, hili silo, lile ndilo, hata uso ukapatikana. Picha ilitolewa Mwaka Mpya na siku za tambiko, watoto wakainama mbele yake, ikakunjwa tena. Haikuwa pambo la ukutani. Ilikuwa mzee aliyerudi kuwatazama jamaa zake.

Swali la mtoto lilipelekwa kwa babu, aliyekuwa jikoni akiloweka uyoga mkavu. Wajukuu humwita Gung-gung, ndivyo Kikantoni kimwitavyo babu mzaa mama. Babu mzaa baba ni Ye-ye. (Kiswahili hutosheka na babu, mengine kikayaacha kwa wajukuu wenyewe.) Mzee alipangusa mikono, akaja hadi chini ya picha, akaitazama kwa muda.

"Una jicho la mpiga picha," akamwambia mjukuu. "Hawakukaa pamoja siku ile. Hawakuwa hata katika nchi moja."

Baba wa mzee huyo alipigwa picha San Francisco. Mkewe na watoto walipigwa Taishan, mkoani Guangdong. Fundi akaziunganisha picha mbili, akapaka mishono kwa brashi, akachora zulia moja chini ya viatu vyote. Picha za namna hii zilikuwa za kawaida miongoni mwa jamaa zilizotenganishwa na bahari. Fundi alijua kazi yake, ila jua la studio mbili hakuweza kulipatanisha.

Bahari peke yake isingewatenga hivyo. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1943. Wafanyabiashara, wanafunzi na walimu waliruhusiwa. Mchuuzi wa mboga na mfua nguo hakuruhusiwa. Kisha mnamo Aprili 1906 San Francisco ilipigwa na tetemeko, moto ukafuata, na kumbukumbu za vizazi zikateketea. Wachina wengi waliokuwamo nchini wakadai kuwa wamezaliwa papo hapo, na nani angebisha? Aliyekubaliwa kuwa raia aliweza kuwaita wanawe. Kila aliporudi kutoka kuzuru China alitangaza kwamba amepata mtoto wa kiume, hata kama hakupata, na nafasi ile ikauzwa kwa kijana wa jamaa nyingine. Vijana hao waliitwa wana wa karatasi.

Baba wa Gung-gung alikuwa mmoja wao. Aliingia mwaka 1922, akiwa na miaka kumi na minne, kwa jina la ukoo usio wake.

Binti mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, alikwisha kuuona mlango alioupitia mzee yule, kwani alivuka kwa feri pamoja na wanafunzi wenzake hadi kisiwa cha Angel Island, katikati ya ghuba. Toka 1910 hadi 1940 kilikuwapo huko kituo cha uhamiaji, ambamo wageni walizuiliwa kwa majuma, wengine kwa miezi, wakihojiwa. Ngazi za nyumbani kwenu ni ngapi? Pipa la mchele limewekwa upande gani? Nani anakaa nyumba ya tatu katika safu ya pili? Mwana wa karatasi alisoma majibu haya safarini kama asomaye utenzi kwa moyo, na karatasi ikatupwa baharini kabla ya nchi kavu kuonekana. Kosa moja la ngazi lilitosha kumrudisha mtu alikotoka.

Na wafungwa wale walitunga mashairi. Wapenzi wa fani hii watapenda kujua kwamba waliyaandika kwenye kuta za mbao za mabweni, kisha wakayachonga kwa visu, kwa mizani ya kale ya Kichina, maneno matano au saba kwa mshororo. Wenye kituo walifukia mikato kwa puti na kupaka rangi juu yake. Waliyokusudia kuyafuta wakawa wameyahifadhi. Mwaka 1970 mlinzi wa hifadhi, Alexander Weiss, aliyaona maandishi katika jengo lililokuwa likingoja kubomolewa, akapiga kelele hadi likasalimika. Leo yanajulikana mashairi zaidi ya mia mbili. Mengi hayana sahihi. Mtu angetia sahihi gani, naye anaishi kwa jina la kuazima?

Watoto wakaanza kuandika majina ya waliomo pichani, mama akikubali kwa nusu moyo. Katika mtoto wa meza alikuwa na nakala ya jalada la babu yake, iliyotoka katika hifadhi ya nyaraka za taifa huko San Bruno, na hakuwa ameifungua mbele yao. Gung-gung ndiye aliyeanza kueleza majina. Msomaji wa visiwani aliyezoea silsila, jina la baba likifuatwa na la babu hadi kina cha nasaba, ataona hapa mtindo mwingine. Koo nyingi za Kichina zina shairi la vizazi: kila kizazi huchukua neno moja la shairi, na ndugu wote wa kizazi hicho hulibeba katika majina yao. Kizazi kinachofuata huchukua neno linalofuata. Shairi la maneno ishirini huweza kutembea miaka mia tano, likisomwa na damu badala ya ulimi. Katika koo nyingi mabinti hawakuandikwa humo. Gung-gung alilisema hili bila kumtazama mjukuu wake wa kike, naye mjukuu akamtazama sana.

Mvulana wa miaka sita alikuwa na neno la kizazi. Mchanga wa pajani pia. Gung-gung, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya mama yake kuvuka hatimaye, naye alikuwa nalo. Binti akaleta bahasha nyekundu ya mwaka uliopita, aliyopewa na babu mdogo, yule anayejulikana kuwa ndiye mchanga wa pichani. Mzee huyo alikuwa ameandika jina lake kwa wino, kwa herufi za Kichina. Neno la kizazi halikuwamo.

"Gung-gung," akasema, "babu mdogo si ndugu yako?"

Mama alitaka kuliondoa swali mezani. Mzee akamzuia kwa kiganja.

Hong Kong ilipoanguka mikononi mwa Wajapani, Desemba 1941, fedha zilizotumwa na wanaume walioko ng'ambo zilikatika. Mwaka 1943 njaa kali ikaingia Guangdong, na Taishan, iliyozoea kula kwa fedha hizo, ikaumia vibaya. Mtoto wa pajani alifariki mwaka huo, akiwa na miaka saba. Karatasi zake zilibaki. Mwaka 1950 mwana wa jirani, yatima, alivuka kwa karatasi hizo. Serikali ilipoanzisha mpango wa kukiri, mwaka 1956, nyumba hii ilinyamaza, kwani kukiri kwako kulikuwa kumtaja mwenzako. Wakaendelea kunyamaza hata hofu ilipokwisha kazi yake. Katika makaburi ya Wachina huko Colma, jiwe la mzee wao lina ukoo mmoja kwa herufi za Kilatini na mwingine kwa Kichina, na mama alikuwa akiwaambia watoto kwamba ni tafsiri tu.

"Basi ni ndugu yako?" mvulana akauliza tena.

"Amenilea," Gung-gung akasema.

Mkesha wa Mwaka Mpya babu mdogo alikuja na mfuko wa machenza, akitembea kwa mkongojo. Aliwasha udi, akainama mara tatu mbele ya picha. Kisha, kama ilivyo desturi yake ambayo hakuna aliyewahi kuizingatia, alichagua chenza moja, akalimenya, akatafuta mahali pa kuliweka karibu na mtoto wa pajani. Rafu ilikuwa juu. Mvulana akamvutia kiti, na dada yake akamshika kiwiko.