Kuizoea Barabara Kuu kwa Pikipiki

Neno "usiogope" hutamkwa sana na wale wanaofundisha, nalo halijapata kumfundisha mtu kitu. Tumelisikia likisemwa kwa mtoto wa darasa la kwanza anayeitwa ubaoni, na kwa mwalimu mwanafunzi anayeingia darasani siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha. Sisi wenyewe tuliambiwa hivyo na watu wengi tukiwa na umri wa miaka 46, tulipotangaza kwamba tunataka kuendesha pikipiki katika barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Mtu mmoja tu hakulitumia neno hilo, na ndiye aliyetufundisha. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi alivyofanya, kwa kuwa ingawa hakupata kukanyaga chuo cha ualimu, njia yake yafaa kutazamwa na wale wanaojiandaa kufundisha katika shule za msingi.

Mwaka 2018 Serikali iliwakabidhi maafisa elimu kata wengi wa Tanzania Bara pikipiki za kuzungukia shule. Sisi tulihamishiwa kata yetu, iliyopo kati ya Dumila na Gairo, mwaka jana tu, na pikipiki tuliyoirithi ilikuwa imefunikwa turubai. Shule tatu kati ya zile tunazozisimamia hazifikiki bila ya kupita juu ya lami. Ile ya mbali kuliko zote ilikuwa na walimu wawili wapya, waliotoka chuoni moja kwa moja na kukabidhiwa madarasa ya mwanzo, yaani kazi ngumu kupita zote za kuwafundisha watoto kusoma. Hapakuwa na mtu wa kuitazama kazi yao wala kuwajibu maswali. Basi la mikoani halisimami hapo kila linapoombwa. Kwa hiyo suala la kuizoea barabara halikuwa suala la starehe.

Barabara yenyewe si ya kuchezea. Ndiyo njia ya malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na ya yale yanayoteremka na mahindi kutoka soko la Kibaigwa. Ndani ya vijiji vibao huamuru kilometa 50 kwa saa; nje ya vijiji magari hukimbia, na pikipiki ndogo huwa kitu ambacho dereva wa lori hukiona akipenda.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa bodaboda aliyeishia darasa la saba. Kila asubuhi alituamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akageuka na kutuamuru kama mkufunzi amwamuruvyo mwanachuo, jambo ambalo lilitupendeza. Wiki mbili za mwanzo tulizimaliza katika uwanja wa mpira wa shule, tukijifunza klachi, gia, kuondoka na kusimama. Hayo hatutayaeleza kwa kirefu, maana aliyewahi kupanda baiskeli huyapata upesi, isipokuwa klachi. Baada ya hapo tulipata leseni ya kujifunzia, tukafunga kibao chenye herufi L.

Hapo ndipo wengi wanaofundisha pikipiki humtuma mwanafunzi lamini na kumwombea heri. Hudhani kwamba aliyeuweza uwanja ataiweza barabara, kama wale wadhanio kwamba mwanachuo aliyefundisha vizuri mbele ya wenzake ataliweza darasa la watoto 90. Lakini uwanja hauna upepo wa lori, hauna mwendo mkali, wala hauna watu wengine wenye safari zao.

Kijana alianza na upepo. Alituweka hatua chache kutoka ukingo wa lami, tukiwa tumeikalia pikipiki iliyozimwa, miguu chini, akatuacha hapo nusu saa nzima huku malori yakipita. Lori kubwa husukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo humpiga mtu na kumtupa nje kidogo; likishapita, pengo linalobaki nyuma yake humvuta ndani. Tulizisikia nguvu hizo mbili mwilini mara nyingi kiasi cha kujua ipi itatangulia. Kisha akasema, "Sasa kaza magoti kwenye tangi, mikono ilegeze." Sababu yake ni kwamba mikono iliyokakamaa huupeleka mtikisiko wote wa mwili kwenye usukani, na chombo kikayumba kwa hofu ya mwendeshaji wala si kwa nguvu ya upepo. Siku tuliyokutana na lori tukiwa katika mwendo, mwili ulikuwa umekwisha kulijua jambo hilo, na palibaki jipya moja tu la kushughulikia.

Baada ya upepo likaja somo la macho, nalo ndilo tunaloliona kuwa kubwa kuliko mengine. Kila Jumapili saa 12 na nusu asubuhi, magari yakiwa machache, tulikwenda kilometa nne na kurudi, kijana akitufuata kwa pikipiki yake. Mwishoni alisimama chini ya mwembe na kuuliza, "Mwalimu, umeona nini?" Siku ya kwanza tulikuwa na mashimo mawili na mstari mweupe wa kumsimulia. Hakutulaumu wala hakusema "tazama mbele". Alisema, "Tukirudi utaniambia watoto wangapi wapo kando ya njia, na yule wa mbali kabisa anafanya nini."

Tunaomba msomaji alitafakari swali hilo. Halijibiki na mtu anayelitazama tairi lake la mbele. Mwenye kutaka kulijibu hana budi kuyainua macho, na akishayainua amekwisha kujifunza. Tena faida yake yapimika: kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa pikipiki hula mita 14 kwa kila sekunde, na kwa kilometa 80 hula mita 22, kabla mkono haujaigusa breki. Ajali iliyo mita kumi mbele huonekana, lakini kwa mtu wa mwendo huo haizuiliki tena. Zaidi ya hayo, pikipiki hufuata jicho. Anayelikodolea macho shimo huliingia.

Tumewatazama walimu wanafunzi wengi wakiwa na macho kwenye andalio la somo vivyo hivyo, huku mtoto wa dawati la nyuma akiwa amekwisha kupotea. Mkaguzi huandika katika fomu: "Tazama darasa lote." Maneno hayo ni ya kweli, na hayafanyi kazi. Laiti angeuliza, "Kipindi kikiisha utaniambia ni watoto gani watatu waliomaliza zoezi mwanzo, na nani hakuanza."

Kuhusu breki, kuna hofu ya kale itokayo kwenye baiskeli, kwamba breki ya mbele humpindua mtu. Katika lami kavu mambo ni kinyume. Chombo kinapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, na breki ya mbele ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi, mradi ikamuliwe polepole kama chungwa, isinyakuliwe. Uchunguzi uliotolewa nchini Marekani mwaka 1981 chini ya Harry Hurt, uliohusu ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, ulionyesha kwamba waendeshaji wengi huibana mno breki ya nyuma hata tairi likaburuzika, na ile ya mbele huitumia kidogo. Asilimia 92 ya waliopata ajali walijifunza wenyewe au kwa ndugu na rafiki. Nasi pia tulifundishwa na kijana wa kijiweni! Hata hivyo, kufundishwa na rafiki mwenye mpango si sawa na kufundishwa na rafiki mwenye haraka, nasi tulizirudia breki zile mara 30 uwanjani kabla ya kuzijaribu lamini.

Jambo moja kijana hakuweza kulieleza. Pikipiki iliyo katika mwendo haigeuzwi kwa kuuzungusha usukani kama gari; ukitaka kwenda kushoto wausukuma mkono wa kushoto, yaani tairi huelekezwa kulia kidogo, chombo kikalala kushoto na kukata kona. Tulipomwuliza sababu, alicheka: "Sijui, Mwalimu. Wewe sukuma." Baadaye tulisoma kwamba Wilbur Wright, aliyekuwa mtengenezaji wa baiskeli kabla ya kuunda ndege na ndugu yake, aliwauliza waendesha baiskeli wengi jinsi wanavyokata kona, asipate hata mmoja aliyeeleza sawasawa, ilhali wote walikata kona vizuri. Sisi tuliosoma vyuoni tulitaka maelezo kwanza. Hatusemi kwamba maelezo ni bure, kwani katika kona za milima ya Gairo yalitutuliza sana. Ila yalikuja baada ya mkono kujua, na pengine yangekuja kabla yangetuchanganya.

Mwendo tuliupandisha kwa ngazi: kilometa 50 kwa majuma matatu, kisha 60, kisha 70, na hatujaona haja ya 80. Leseni ya daraja A tunayo. Shule ya mbali sasa tunaifikia kila baada ya wiki mbili. Mvua ikinyesha hatutoki, na jioni, wakati ng'ombe wanaporudishwa maboma wakiikata barabara, tunalala hukohuko kwa mwalimu mkuu.

Mmoja wa wale walimu wapya ameomba tumchukue nyuma hadi Gairo siku ya mshahara. Kijana amekataa katakata. Anasema abiria huugeuza uzito wote wa chombo, breki hubadilika na kona hubadilika, na abiria mwenye hofu huinamia upande usiotakiwa. Jumapili ijayo tutaanza na gunia la mahindi la kilo 50.