Kaitaba, sebule ya Kagera

Wiki hii funga mkanda. Tunaziacha foleni za Ubungo na kelele za Kariakoo, tunakwenda kulekule nchi inakoishia. Safari inaanzia Rusumo wilayani Ngara, inakatiza Biharamulo na kumalizikia Bukoba mjini, kwenye uwanja mmoja mdogo tu unaoitwa Kaitaba. Mdogo, ndiyo, lakini subiri nikusimulie!

Pale Rusumo mito ya Ruvubu na Kagera inaungana, kisha maji yanaporomoka karibu na daraja kwa kishindo cha kukutisha. Ng'ambo ni Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja hili kuja kwetu. Benaco, mahali palipokuwa kituo tu cha barabarani, pakageuka mji wa maturubai. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa kwao, na mji ule ukayeyuka kama moshi. Ukipita leo bila mwenyeji wa kukuonyesha, huwezi kudhani.

Kwenye basi nilikaa na kijana wa Ngara, njumu zake kazifunga kwenye mfuko wa rambo. Anakwenda Bukoba kufanya majaribio kwenye timu fulani.

"Kaka, kwetu vipaji vipo hadi vinamwagika," akaniambia. "Ila nani atakuja kukuangalia kule porini? Mpaka uende Kaitaba, ndiyo wakuone."

Nikamuuliza akikosa je? Akacheka. "Nikikosa nakula samaki, narudi kulima maharage."

Biharamulo tulisimama kidogo. Mji umetulia, una boma la Mjerumani lililojengwa zamani hizo, na mahindi ya kuchoma ya kushiba. Ila mzee mmoja aliyekuwa siti ya mbele akatukumbusha kwamba zamani hapa watu walikuwa hawashuki kwa furaha namna hii. Pori la kuelekea Muleba lilikuwa na majambazi wenye bunduki, na mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi. "Nyie watoto mnasinzia," akasema. "Sisi tulikuwa tunasali." Basi zima kimya. Hata konda aliyekuwa akibishana na abiria juu ya chenji alinyamaza.

Haya, tumefika Bukoba! Hewa ya ziwa, migomba kila upande, na wauza kahawa za kutafuna wanakuita kwa adabu: "Karibu waitu." Ukibahatika kufika msimu wa senene, ndugu yangu, acha kabisa. Popcorn za sinema haziioni ndani!

Kaitaba yenyewe iko upande wa chini wa mji, mwendo wa miguu tu kutoka ufukweni, na uwanja wa ndege hauko mbali. Siku ya mechi mtaa mzima unakuwa timu. Mama lishe anakoroga ndizi kwenye sufuria kubwa, vijana wa bodaboda wanapanga foleni nje ya geti, na wauza jezi wanakuvalisha kabla hujasema bei gani. Ndani kuna nyasi bandia, majukwaa si ya kutisha, na ukikohoa golikipa anakusikia.

Hapa ndipo nyumbani kwa Kagera Sugar, Wanankurukumbi. Usiwachukulie poa. Tarehe 19 Mei 2018 walikwenda Dar es Salaam siku Simba inakabidhiwa kombe la ubingwa mbele ya Rais Magufuli, wakaifunga 1-0 na kuivunjia rekodi ya kutofungwa msimu mzima. Sherehe ikaingia mchanga! Lakini mpira ni mpira: msimu wa 2024/25 wakashuka daraja baada ya miaka mingi Ligi Kuu. Muuza kahawa mmoja nje ya geti aliniambia siku hiyo hakuuza hata kikombe. Watu walikuwa wanatembea tu.

Sasa nikueleze kwa nini nauita uwanja huu sebule. Kwetu msiba ukitokea, maiti hulazwa sebuleni ili ndugu waage. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, nyumba zikaanguka, watu wakafa. Kesho yake mji ulikusanyika wapi? Kaitaba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia kutua. Walikufa 19. Kesho yake majeneza yalipangwa Kaitaba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaongoza kuaga. Na kijana mvuvi aliyewahi kwenda kuokoa, Majaliwa Jackson, naye baadaye akaajiriwa Jeshi la Zimamoto.

Nilisimama nje ya mstari wa goli nikiwaza hayo, wakati watoto wa mtaani wanapiga danadana. Mahali waliposhangilia bao ndipo walipolilia ndugu zao. Hakuna aliyeona ajabu. Sebule ndivyo ilivyo, harusi leo, matanga kesho.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema timu ikishuka, uwanja unakufa. Uwanja unakufa vijana wa Ngara na Biharamulo wakiacha kuuota. Tena wenye uwezo msingoje vipaji vipande basi siku nzima. Pelekeni mashindano na makocha hukohuko wilayani, halafu Kaitaba iwe fainali.

Yule kijana wa njumu? Nilimwona jioni kwa mama lishe, mbele yake sahani ya ndizi na sato. Sikumuuliza matokeo. Alinikaribisha kiti, akasema kesho wamemwambia arudi tena saa moja asubuhi.

Haya, tukutane wiki ijayo. Ukienda Bukoba, niletee senene!