Kishikwambi Ambacho Hatukukinunua



 Ndugu wanafunzi na wazee wetu, wahariri wa jarida hili wamenitaka niieleze ile habari ya kishikwambi cha madrasa, kwa sababu maneno yamekuwa mengi hapa Mwera na kila mtu anaisimulia kwa namna yake. Wapo wanaosema pesa zililiwa. Wapo wanaosema Maalim alikataa kwa kuwa ni mtu wa kale. Yote mawili si kweli. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kukitazama chombo hicho, basi nitasema nilivyoona.

Neno lenyewe kishikwambi wengi wetu tulilizoea mwaka 2022, wakati wa Sensa ya Watu na Makazi. Nilikuwa karani, na kwa siku kadhaa kuanzia tarehe 23 Agosti nilizunguka nacho nyumba kwa nyumba nikiuliza majina, umri na idadi ya vyumba. Nchi nzima tulihesabiwa watu 61,741,120, na kila ninapoisikia namba hiyo najisemea kuwa humo mna watu wangu wa vitongoji viwili. Kazi ile ilinifundisha mambo ya vishikwambi ambayo muuza duka hakuambii. Juani kioo hakisomeki, ukikiinua unajiona uso wako mwenyewe. Kidole chenye jasho hakisikilizwi. Na popote unapokitoa mkobani watoto wanakuzunguka, nawe hujui wametokea wapi. Sensa ilipokwisha tulivirudisha, na baadaye serikali ikavigawa kwa walimu wa shule.

Baada ya Maulidi ya mwaka jana wazazi walichanga shilingi 310,000 kwa nia moja tu, madrasa ipate kishikwambi. Waliotoa hoja walikuwa na sababu nzuri. Watoto wangemsikiliza msomaji bingwa na kurekebisha makhraja yao, wangepata tafsiri ya Kiswahili, na wangeona kuwa chuo chao nacho hakikuachwa nyuma. Mama mmoja akasema wazi kuwa hicho ni chombo cha gemu na kitawapotezea watoto muda, akaambiwa ana wivu. Mimi nilinyamaza, na leo nakiri kuwa nilinyamaza kwa sababu na mimi nilikitaka.

Nikaenda Tanga. Pale Ngamiani nilipita maduka matatu, nikapata kimoja cha inchi kumi kwa shilingi 285,000. Kwa anayetaka kununua chake, nitataja machache niliyoyaona. Boksi limeandikwa gigabaiti 16, lakini sehemu kubwa imekwisha kuliwa na mfumo wa chombo kabla hujaweka chochote, na khitma nzima ya sauti peke yake inataka gigabaiti moja hadi mbili. Vya bei nafuu mara nyingi vina mfumo wa miaka mingi nyuma, na programu mpya zinakataa kukaa ndani yake. Kikiwa ni cha kutumia laini, kina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15 kama simu. Itafute kwenye mipangilio uilinganishe na ile ya kwenye boksi. Tusisahau kuwa mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima, na waliolala na simu nzuri waliamka na vioo vya kujitazamia.

Sikununua siku ile. Mtoto wa shangazi yangu anayeishi Tanga alikuwa na kishikwambi cha inchi kumi kama kile kile, nikamwomba aniazime kwa wiki moja nikakijaribu chuoni kwanza. Akakubali kwa sharti kwamba nisimpe mtoto yeyote ashike peke yake. Sharti hilo lilivunjika siku ya kwanza, Allah anisamehe.

Tulianza na sauti, na kwa hakika sauti ilifaa. Nilikuwa nimeweka usomaji wa Sheikh Mahmoud Khalil Al-Husary wa Misri, yule aliyerekodi Qur'ani nzima kwa mtindo wa murattal mwaka 1961. Watoto walinyamaza kimya. Mmoja ambaye kwa miezi mingi tumekuwa tukimsahihisha herufi dhadi, aliirudia mara nne na ya tano ikatoka sawa. Lakini nikajiuliza, je, kwa sauti hii kinahitajika kioo cha laki tatu? Simu yangu ndogo na spika ya msikitini vingefanya kazi ile ile.

Kusoma kukawa jambo jingine. Tuna wanafunzi 43. Walioona kioo ni sita wa mbele, waliobaki waliona migongo. Nikawaita wale watatu wanaohifadhi, nikawapa zamu zamu. Hapo nikajifunza kitu ambacho wanaohifadhi wanakijua na mimi nilikuwa nimekisahau. Misahafu yao ni ile ya Madina, iliyoandikwa kwa mkono wa khatati Uthman Taha, ambayo jumba la uchapaji la Mfalme Fahd lililofunguliwa mwaka 1984 limeisambaza dunia nzima. Ina kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa isipokuwa michache, na ukurasa huanza na mwanzo wa aya na kuishia na mwisho wa aya. Mtoto hahifadhi maneno peke yake, anahifadhi na mahali pake. Ukimkatisha atakwambia aya ile iko kulia, juu, karibu na kona. Kwenye kishikwambi, kila ulipokuza maandishi mistari ilijipanga upya na aya ikahama. Yule binti anayeongoza katika hifdhi aliniambia, "Ustadhi, hapa sura inatembea." Tukatafuta programu yenye picha za kurasa zile zile za Madina, tukaipata, na ikamridhisha. Lakini hiyo ilikuwa sawasawa na msahafu alionao mapajani, isipokuwa msahafu hauishiwi chaji.

Nikapiga hesabu pembeni ya daftari. Msahafu mmoja pale Tanga nilikuta shilingi 15,000. Bei ya kishikwambi kimoja ni misahafu 19. Wapo watoto kwetu wanaosoma wawili wawili kwenye juzuu iliyochanika jalada.

(Wazazi wengine waliuliza kuhusu udhu. Nilimuuliza sheikh wetu mmoja, akasema kifaa hicho si msahafu kwa kuwa herufi zake huja na kuondoka, basi kukigusa hakushurutishi udhu, ila adabu ni bora. Hilo halikunisumbua tena.)

Nilikuwa nimekwisha kuamua kwenda kuwaambia wazazi tusinunue, ndipo nikamkumbuka Maalim mwenyewe.

Ninyi wanafunzi mnamjua Maalim kuwa ni mtu asiyefungua msahafu darasani. Mnasema ameshiba, hana haja ya kutazama. Nami nilikuwa nikisema hivyo. Lakini mwaka ule nilianza kuona mengine. Alikuwa akiuliza "nani wewe?" mtoto akiwa hatua mbili mbele yake. Barua za mwaliko wa harusi alikuwa akinipa mimi nizisome, akisema miwani ameisahau. Na siku moja mtoto alipotaka kuonyeshwa mahali alipoishia, Maalim aliweka kidole kwenye ukurasa usio wake, mtoto akaona haya, akasoma tu kwa kukisia. Hatukusema kitu, si mtoto wala mimi.

Nikawaza kwamba hapa ndipo kishikwambi kitakapofaa. Maandishi yanakuzwa utakavyo. Usiku baada ya Isha nikakipeleka nyumbani kwake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwambia, "Maalim, nimekuletea msahafu wenye herufi kubwa." Akacheka, akakipokea kwa mikono miwili. Nikamfungulia Suratu Yasin, nikazikuza herufi hadi mstari mmoja ukawa na maneno matatu.

"Unaonaje, Maalim?"

"Naona ukungu, mwanangu."

Nikakuza tena, likabaki neno moja limejaza kioo kizima.

"Sasa je?"

"Sasa ukungu umekuwa mkubwa."

Alisema kwa utani, lakini hakucheka, na mimi sikujua la kujibu. Mwanga wa kile kioo ulikuwa ukimpiga usoni. Kwa mara ya kwanza nikazitazama mboni zake kwa karibu, nikaona katikati pana weupe kama maji ya mchele. Nikamuuliza ni tangu lini. Akanyamaza kitambo, kisha akasema hili la jicho la kulia ni mwaka wa tatu, na kwamba aliogopa wazazi wakijua watatafuta mwalimu mwingine.

Mganga wa macho pale Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, alitueleza baadaye kwa lugha nyepesi. Mtu mzima akishindwa tu kusoma herufi ndogo za karibu, miwani au maandishi makubwa yatamsaidia. Lakini mtoto wa jicho ni ile lenzi iliyo ndani, nyuma ya mboni, iliyoingia weupe. Ukikuza herufi ni kama kumletea mtu aliye nyuma ya dirisha chafu kitu kikubwa zaidi cha kutazama. Hakuna dawa ya kudondoshea wala ya majani inayoisafisha. Lenzi hutolewa na kuwekwa ya bandia, sindano ya ganzi inapigwa, na mgonjwa wa kawaida huwa yu macho muda wote.

Lakini kabla ya kufika Bombo palikuwa na suala la pesa, na hili ndilo lililozaa maneno. Mimi kwa pupa yangu nilisema tuzitumie zile 310,000. Mzee mmoja katika wazazi akasimama akasema pesa ya chombo ni ya chombo, ni amana, nani ametupa ruhusa ya kuigeuza? Watu walimkasirikia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipofika nyumbani nikaona kuwa yeye ndiye aliyesema haki. Basi tukapita kwa kila aliyechanga, mmoja mmoja, tukamweleza na kumpa hiari. Wawili walitaka chao, tukawarudishia jumla ya shilingi 25,000, na wala wasilaumiwe. Waliobaki wote waliridhia. Nauli, chakula, matibabu na dawa vilichukua 244,000, zikabaki 41,000. Daftari liko kwa mweka hazina, na anayetaka kulisoma alisome.

Maalim mwenyewe ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Alisema pesa za watoto haziwezi kuingia jichoni mwake. Aliyemshinda ni yule mama aliyeitwa mwenye wivu. Alimwambia, "Maalim, hao watoto watasoma kwa nani?"

Kesho yake baada ya kutibiwa jicho la kulia walimfungua bandeji. Akatazama dirishani, akatazama vidole vyake, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Nilidhani atalia. Akasema, "Kumbe shati lako ni chafu hivi, na unaingia nalo darasani?"

Jicho la pili lilitibiwa miezi minne baadaye kwa pesa za wanawe. Siku hizi anavaa miwani ya kusomea, na ule msahafu wake wa zamani wa chapa ya Bombay, ambao karatasi zake zimekuwa rangi ya chai, unafunguliwa tena darasani. Waliozoea kukisia mahali walipoishia mmeshaona mabadiliko, na baadhi yenu hamjayafurahia.

Kishikwambi hatuna mpaka leo. Zile 41,000 tumenunulia misahafu miwili, na kilichosalia tumeanza kukiwekea akiba ya spika. Nilipomrudishia mtoto wa shangazi yangu chombo chake nilimwomba radhi kwa alama za vidole vya watoto 43.

Wiki iliyopita, tulipokuwa tukitoka msikitini Alfajiri, Maalim alinishika bega. "Kile kioo cha nduguyo," akasema, "bado anacho? Mwambie akija likizo aje nacho. Safari ile sikukiona."