Mawe Yaliyochongwa Mbali

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 6, kuna jambo dogo ambalo wengi wetu tunalipita haraka tunaposoma habari za hekalu la Solomoni. Ujenzi ule ulichukua miaka saba, lakini pale penyewe palipojengwa palikuwa kimya. Mawe yalikuwa yamekwisha kuchongwa machimboni, yakafikishwa yakiwa tayari, na mafundi wakawa wanapanga jiwe juu ya jiwe bila mlio wa vyuma.

Nataka kuandika juu ya kimya hicho. Nitapitia kwenye kitu ambacho huenda msomaji hakukitarajia katika kitabu cha imani: kompyuta ndogo ya mezani niliyoiunda nyumbani kwetu Ifakara.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za vikundi vya wakulima wa mpunga na vikundi vya kuweka na kukopa. Mchana viongozi huniletea madaftari, na usiku joto likipungua naingiza tarakimu. Kwa miaka mingi nilitumia kompyuta kubwa ya kusimama, lile boksi ambalo mtaani wengi huliita "sipiyu", nililolinunua likiwa limekwisha kutumika. Lilifanya kazi, ila lilinguruma. Ukiwa nje uani ungedhani kuna mashine ya kukoboa mpunga nyumba ya tatu.

Kelele ile haikunisumbua hadi baba alipougua moyo. Tulimhamishia sebuleni kwa sababu chumba chake cha nyuma kilikosa hewa. Kitanda chake kikakaa upande mmoja wa ukuta, na meza yangu upande wa pili, hatua tatu kati yetu. Muuguzi alitueleza vizuri: mgonjwa alale akiwa ameinuliwa kwa mito, na usiku tusikilize pumzi yake. Ikianza kuwa fupi na yenye mlio kama wa maji, tusingoje kukuche.

Baba hakuwa na nguvu ya kuita. Alipotaka kitu aligonga ubao wa kitanda kwa kidole, na hata kugonga kwenyewe kulikuwa kwa unyonge. Nami kazi sikuweza kuiacha, kwa kuwa dawa zake zilinunuliwa kwa kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo nilihitaji mashine itakayofanya kazi usiku kucha na bado iniruhusu kumsikia mtu akipumua.

Nilimweleza shida yangu mtoto wa kaka yangu, kijana anayetengeneza simu sokoni. Akanijibu, "Shangazi, adui yako siyo feni. Adui ni joto."

Alikuwa na haki. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta, huishia kuwa joto, na joto hilo lazima litolewe. Mashine inayokula umeme mwingi huchemka sana, na feni zake hukimbizana kulitoa. Hapa kwetu bondeni, ambako hewa yenyewe inayoingia ina joto na unyevu, feni hupata taabu zaidi. Ukitaka kimya, huanzi kwa kuibana feni. Unaanza kwa kuchagua vitu visivyochemka.

Basi tukachagua. Tulitafuta ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, wa aina ndogo ya sentimita 17 kwa 17. Kipimo hicho kilianzishwa mwaka 2001 na kampuni ya VIA ya Taiwan, na sasa watengenezaji wengi wanakifuata, hivyo vifaa vyake huingiliana. Prosesa tuliyochukua iliundwa kwa kiwango cha wati 35, wakati ile ya zamani ilikuwa ya wati 95. Hesabu za magunia ya mpunga hazihitaji nguvu kubwa. Badala ya diski ya zamani, yenye sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, tuliweka SSD, ambayo ndani yake hakuna kinachozunguka. Kifaa cha kubadilisha umeme tulikiweka nje ya kasha, adapta kama ya kompyuta mpakato, kisicho na feni. Ikabaki feni moja tu juu ya prosesa, pana kadiri kasha lilivyoruhusu, kwa maana feni pana inayozunguka polepole husukuma hewa sawa na feni ndogo inayokwenda mbio, na haipigi kelele kama hiyo.

Vifaa vilitoka Kariakoo, vikaja kwa basi kupitia Mikumi, Kidatu na Mang'ula. Kasha lilikuwa na upana wa karibu sentimita 20 na kimo kisichofika 10. Ningeweza kulibeba kwapani kama mtu anayekwenda jumuiya na Biblia yake.

Mengine tulimalizia kwa vitu vya hapa hapa. Kwenye matundu ya hewa nilishonea kipande cha chandarua kikuukuu, maana msimu wa mvua kumbikumbi hufuata mwanga na kuingia popote. Bonde letu limejulikana duniani kwa utafiti wa vyandarua na malaria. Chandarua changu kilipata kazi ya pili. Chini ya kasha nilibandika vipande vinne vya kandambili ili mtikisiko usiende kwenye mbao za meza. Dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma chake, kijana aliniambia niweke kiasi cha punje moja ya mchele. Hicho ni kipimo ambacho mtu wa Kilombero hawezi kukikosea.

Kuchagua kulichukua wiki sita. Kuunganisha kulichukua jioni moja.

Usiku ule nilipoiwasha, ilibidi nitazame taa yake ndogo ili nijue kwamba imewaka. Nilikaa bila kugusa kitu. Nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia vyura kutoka majarubani. Halafu, katikati ya sauti hizo, nikamsikia baba akivuta pumzi na kuitoa, akivuta na kuitoa. Tulikuwa tumelala chumba kimoja kwa miezi miwili, na ndiyo kwanza nilikuwa namsikia.

Asubuhi nilimsimulia habari ya hekalu la Solomoni. Nilidhani itampendeza kwamba nyumba ya Mungu ilijengwa kwa utulivu. Ilinibidi nipaze sauti, kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito tangu ujana. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mama, hao wa hekaluni ndio waliokuwa na kimya. Sisi tulikuwa machimboni."

Aliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Na alisema "sisi" kwa sababu katika ujana wake alifanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, ile yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Yeye alikuwa kwenye kipande cha kutoka Mlimba kupanda Makambako, mahali reli inapoacha bonde na kukwea milima, penye mahandaki na madaraja mengi. Kazi yao ilikuwa kuondoa mawe baada ya baruti kulipuliwa. Masikio yake aliyaacha huko. Mishahara ya reli na vibarua vilivyofuata ndivyo vilivyonisomesha hadi nikakaa mezani na kuhesabu fedha za watu.

Nilirudi kwenye Biblia yangu, nikasoma sura ya 5, ambayo sikuwa nimeiunganisha na ile ya 6. Humo kelele zote zipo. Kuna watu 80,000 wakichonga mawe milimani na 70,000 wakibeba mizigo. Kuna wengine 30,000 waliopelekwa Lebanoni kwa zamu kukata miti. Kimya cha sura ya 6 kimesimama juu ya mabega ya watu wa sura ya 5, na majina yao hayakuandikwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta machimbo yaliko. Umeme unaoingia kwenye kompyuta yangu hauna sauti, lakini katika mkoa wetu tunajua umeme unatoka wapi. Kituo cha Kidatu cha megawati 204 na kile cha Kihansi cha megawati 180 vyote viwili mitambo yake imejengwa chini ya ardhi, ndani ya mwamba, na huko maji hunguruma ili huku taa ziwake kimya. Kihansi ilikuwa na gharama nyingine. Maji ya maporomoko yalipopelekwa kwenye mitambo, chura mdogo wa korongo lile, asiyepatikana mahali pengine popote duniani, alipoteza manyunyu aliyoyategemea. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Walionusurika walikuwa wanatunzwa katika bustani za wanyama za Marekani, na kuanzia mwaka 2012 wamekuwa wakirudishwa korongoni, ambako manyunyu sasa hutengenezwa kwa mabomba. Sisemi hayo ili tuzime taa. Nasema kwamba kila utulivu una mtu au kiumbe aliyeulipia, na muumini anapaswa angalau kumjua.

Miezi mitatu baada ya kuunda kompyuta ile, saa tisa usiku, nilikuwa naingiza marejesho ya kikundi kimoja. Pumzi ya baba ikabadilika. Hakugonga ubao, hakujigeuza. Pumzi ilikuwa fupi tu, na mwisho wake ulikuwa na ule mlio wa maji tulioelezwa. Nilimwinua, nikamwamsha kaka, bajaji ya jirani ikatupeleka hospitali. Walimpa oksijeni na dawa ya kupunguza maji mwilini, na kulipopambazuka aliweza kuuliza kama nimezima jiko.

Sidai kwamba kompyuta ilimponya, wala sidai muujiza. Moyo wake ulikuwa umechoka na uliendelea kuchoka. Aliishi miezi minane mingine. Katika miezi hiyo padre alimletea Komunyo kila Ijumaa ya kwanza, wajukuu walisikia habari za mahandaki ya Mlimba, na yeye na kaka yake wakapatana juu ya shamba ambalo hawakulizungumzia kwa miaka ishirini. Alifariki mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yangu. Miezi minane si mingi ukiihesabu kwenye daftari, lakini sisi tuliokuwa nyumbani tunajua ilibeba nini.

Ndugu msomaji, mara nyingi tunaombea utulivu kana kwamba utashuka wenyewe. Tunataka kanisa tulivu, nyumba tulivu, moyo mtulivu. Naamini Mungu hutupa, lakini mara nyingi hutupa kupitia mikono ya watu. Sala yako ya kimya kabla ya Misa imetayarishwa na aliyefagia kanisa alfajiri. Imetayarishwa pia na yule aliyebaki nyumbani na mtoto anayelia, au na mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake. Yeye yuko machimboni. Tukimshukuru Mungu kwa utulivu bila kumkumbuka yeye, tumeisoma sura ya 6 na kuiruka ya 5.

Na kuna upande wa pili. Yupo mtu ambaye hawezi kupata kimya mpaka wewe ukachonge jiwe lake. Si lazima liwe jambo kubwa. Kwangu lilikuwa ubao wa sentimita 17, kipande cha chandarua na kandambili iliyokatika. Jambo la muhimu ni kuuliza nani anahitaji kusikika, kisha kupunguza kelele inayotoka upande wako.

Kompyuta ile bado naitumia, na kila mwezi nakifua kile kipande cha chandarua. Jumapili nakwenda Misa ya kwanza. Ya pili inapoanza nakuwa kwa jirani yetu, nimekaa kando ya kitanda cha mama yake, ili naye aende kanisani.