Nonante

Ngoja nimimine chai kwanza. Ni ya tangawizi, lakini sukari yake ni asali ya mti wa érable, uraibu nilioutoa ugenini na unaowafanya ndugu zangu wa Bukavu, kule Kongo, wanicheke hadi leo.

Saint-Bernard-de-Lacolle huenda hujawahi kupasikia, isipokuwa kama umewahi kukimbia. Ni kijiji cha wakulima kusini mwa Quebec, Kanada: mahindi, soya, mnara wa kanisa, na ukimaliza shamba la mwisho umeingia Marekani. Magari ya Montreal hupita barabara kuu ya 15 yakiwahi forodha, hayageuzi hata shingo. Mimi nilishuka pale forodhani mwaka 1997, begi moja mkononi, koti la kuazima mabegani. Vita vilikuwa vimeingia Bukavu Oktoba ya mwaka uliotangulia. Siku hizo mkimbizi alipiga hodi mlango wa mbele: unafika dirishani, unaeleza shida yako, afisa anaandika.

Nilipelekwa Montreal kama wenzangu. Msimu wa matofaa ulipofika, nikasikia Hemmingford, jirani na Lacolle, wanatafuta wachumaji. Nikarudi, nikapanga chumba kwa mjane mmoja niliyemwita Bibi. Yeye aliniita "mon gars", yaani kijana wangu, na mvi zangu hakuzijali. Nilidhani nitakaa wiki sita. Nikakaa miaka kumi na miwili.

Kifaransa ndicho kilichotutania kwanza. Sisi wa Kongo tulikirithi kwa Wabelgiji: sabini ni septante, tisini ni nonante. Wao husema kama Wafaransa, sitini na kumi, ishirini mara nne na kumi, hesabu ya kumchosha mtu kabla hajatoa pesa. Siku ya kwanza dukani nilirudia bei kwa sauti, "dola tatu na nonante", muuzaji akanitazama kama niliyepiga chafya. Lakini saa sita mchana Bibi alipoita "Dîner!" nilisimama kama mtoto. Kwa Wafaransa neno hilo ni chakula cha usiku. Kwake lilikuwa cha mchana, vilevile kama mama yangu alivyoliita kule Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu. Supu ilikuwa ya njegere kavu na nyama ya nguruwe. Nilikunywa bakuli mbili bila kusema neno.

Tofaa halivutwi. Unaliinua kwa kiganja mpaka liachie lenyewe na kikonyo chake, na aina ya McIntosh ukiibonyeza tu, alama ya kidole inabaki. Yaliyoanguka yalichachia kwenye nyasi, na jua likipanda harufu yake ilikuwa kasiksi tupu, pombe yetu ya ndizi. Wachumaji wenzangu Wamexico hawakuelewa kwa nini nacheka peke yangu juu ya ngazi.

Hemmingford kuna pia Parc Safari, ya tangu 1972, yenye simba na twiga. Kila mtu aliniuliza kama sitaki kwenda kupunguza hamu ya nyumbani. Ndugu yangu, mimi Bukavu sikumwona simba hata mkia! Simba wangu wa kwanza nilimwona Quebec, kupitia dirisha la gari la Bibi, na yeye ndiye aliyenieleza tabia zake.

Kisha ikaja Januari 1998. Ilinyesha mvua iliyoganda kila ilipogusa, siku tano hivi, mpaka kila tawi na kila waya ukavaa kioo. Usiku miti ikaanza kuvunjika. Pa! Kimya. Pa-pa! Nililala chini ya kitanda, nikiwa macho, nikihesabu umbali kama tulivyofanya Bukavu. Bibi alikuja na mshumaa, akainama, akanitazama, kisha akakaa sakafuni kando yangu. "C'est juste les arbres," akasema. Ni miti tu.

Kwetu umeme ulikatika wiki tatu. Bibi alikuwa na jiko la kuni, basi nusu ya barabara ikahamia sebuleni kwake: soksi zenye unyevu, moshi, mbwa watatu, mtoto mwenye kikohozi. Jenereta moja ilizungushwa zizi hadi zizi ili ng'ombe wakamuliwe, na maziwa mengi yakamwagwa hata hivyo. Ndipo wakaja wanajeshi. Kanada ilitoa zaidi ya 15,000 kwa janga lile. Nilipowaona wakishuka lori tumbo lilinigeuka. Mikononi walishika chenso. Mmoja akauliza kama Bibi ana kuni za kutosha, akapasua rundo zima, akanywa kahawa, akashukuru. Nilitoka nje nikajifanya napanga magogo, machozi yangu yasionekane.

Mpaka wenyewe ulikuwa ugo wa minyaa kati ya majirani. Bibi alivuka na leseni ya udereva tu kwenda Champlain, upande wa Marekani, kutia petroli ya bei nafuu, na afisa alimuulizia goti lake. Baada ya Septemba 2001 maswali yakarefuka. Juni 2009 wakataka pasipoti. Bibi hakuwahi kuwa nayo. Alisema hapigwi picha amenuna ili akanunue petroli, akaacha kwenda. Mlango wa mbele niliopita mimi ulikuwa umeshabanwa tangu Desemba 2004, kwa mkataba wa nchi mbili hizo. Watu wakatafuta upenyo: Chemin Roxham, kibarabara kinachoishia mtaroni. Mwaka 2022 pekee walipita zaidi ya 39,000, wakiburuta mabegi ya magurudumu kwenye theluji. Machi 25, 2023, nako kukafungwa.

Nilirudi vuli iliyopita. Bibi hayupo tena. Vibanda vya polisi pale Roxham vimeondolewa, nyasi zimeanza kupafunika, unasikia bata bukini tu wakienda kusini bila kuulizwa karatasi. Nilitembea nikihesabu nguzo za ua kwa sauti, kujipasha moto. Sijui nilikwambia? Miaka yake ya mwisho Bibi alihesabu kodi yangu kwa namba zetu, kwa heshima yangu: septante, octante, nonante. Octante sisi hatuna, hata Wabelgiji hawana. Themanini yetu ni ileile ya watu wa Quebec. Sikuwahi kumsahihisha. Nilipofika nguzo ya themanini, nikasema octante.